Mwenye Seva na Dhambi ya Mpangaji

Kampuni ya upangishaji wa tovuti ni kampuni inayomiliki au kukodi kompyuta zenye nguvu ziitwazo seva, zinazowaka usiku na mchana zikiwa zimeunganishwa na intaneti, na ambazo nafasi yake hugawanywa na kupangishwa kwa watu wanaotaka tovuti zao zionekane duniani. Shule hupanga humo, msikiti na parokia hupanga humo, duka la vitambaa hupanga humo, na tapeli naye hupanga humo, kwa kuwa malipo hupokelewa bila mpangaji kuonana ana kwa ana na mwenye mali. Kabla ya kukabidhiwa nafasi yake, kila mmoja wao hubofya kisanduku kidogo kuthibitisha kwamba ameyasoma na kuyakubali masharti ya matumizi, yaani maelezo ya mambo yaliyokatazwa: kutuma barua taka, kusambaza programu hasidi, kuweka kazi za watu bila idhini yao, kuwahadaa wateja wa benki, kutumia nguvu za mashine kupita kiasi, na mengine ya aina hiyo. Masharti hayo huandikwa na mawakili na hutazamwa kama karatasi nyingine yoyote ya biashara. Hata hivyo ndani yake mna swali ambalo wanazuoni wa dini walilihangaikia karne nyingi kabla ya umeme kugunduliwa, nalo ni hili: mtu aliyempa mwenzake mahali pa kutendea jambo, ilhali yeye mwenyewe hakulitenda, hakuliamuru wala hakulitamani, anabeba sehemu gani ya jambo hilo likiwa ovu?

Majibu mawili ya haraka husikika mara kwa mara. La kwanza ni la wafanyabiashara, wanaosema kwamba mwenye seva huuza umeme, nafasi na muunganisho, na kwamba kinachowekwa ndani hakimhusu. La pili ni la wenye hasira, wanaosema kwamba kwa kuwa anapokea fedha za tapeli, basi yeye na tapeli ni kitu kimoja. Majibu yote mawili yana urahisi unaotia shaka, na mapokeo ya dini yaliyolichunguza jambo hili kwa makini hayakuridhika na lolote kati yake.

Ni vema kwanza kutazama kanuni zenyewe zilivyoanza, kwa sababu mwanzo wake haukuhusu maneno maovu hata kidogo. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachia kwenye intaneti programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, ikazielemea mashine nyingi za vyuo na taasisi za utafiti mpaka zikashindwa kufanya kazi. Januari 1989, bodi iliyosimamia shughuli za intaneti wakati huo ilitoa waraka mfupi kuhusu maadili, unaojulikana kwa namba yake, RFC 1087, ambao ulihesabu matendo matano kuwa kinyume cha maadili: kutafuta kuingia mahali pasipo ruhusa, kuvuruga matumizi yaliyokusudiwa ya mtandao, kupoteza bure watu, uwezo na kompyuta, kuharibu usahihi wa taarifa zilizohifadhiwa, na kuingilia faragha ya watumiaji. Matusi hayakutajwa, wala uzushi, wala picha chafu. Dhambi kuu machoni pa wahandisi wale ilikuwa ile ambayo Waislamu huiita israfu, yaani kutumia neema kwa kupindukia hadi wengine wakaikosa, na waraka wao ulisisitiza kwamba intaneti ni fursa aliyopewa mtu, naye aichukulie hivyo.

Mtazamo huo wa kale, ambao leo unaonekana wa kitoto mbele ya kelele za habari za uongo na chuki, ulikuwa umeshika kitu cha msingi: kwenye mtandao watu wanaishi kwa kuegemeana kuliko wanavyodhani. Katika upangishaji wa bei nafuu, ambao ndio unaotumiwa na asasi nyingi ndogo, tovuti mia mbili au zaidi zinaweza kukaa kwenye mashine moja na kutumia anwani moja ya IP, ile namba inayoitambulisha mashine hiyo mbele ya mashine nyingine. Mpangaji mmoja ana fomu ya mawasiliano kwenye tovuti yake, yenye visanduku vya jina, baruapepe na ujumbe, iliyotengenezwa kwa programu jalizi ambayo haijasasishwa kwa miaka mitatu. Usiku mmoja programu ya mdukuzi, inayozunguka mtandaoni ikijaribu milango, inagundua kwamba kisanduku cha jina kinakubali zaidi ya jina, na kwamba kwa kuingiza mistari michache ya ziada fomu hiyo inaweza kuamriwa kumpelekea mtu yeyote ujumbe wowote. Kufikia alfajiri ujumbe wa ulaghai elfu kumi umekwisha kutoka. Mashirika yanayotunza orodha za watumaji wa barua taka, kama Spamhaus, yanaiingiza anwani ile ya IP kwenye orodha, na asubuhi baruapepe za wapangaji wote wa mashine hiyo zinaanza kukataliwa: mwalimu mkuu anatuma ratiba ya mitihani na inarudi, zahanati inatuma majibu ya vipimo na yanarudi, wala hakuna kati yao anayejua kosa lake ni nini. Mwenye fomu amelala. Hakutuma kitu. Ukimwamsha na kumwambia amewadhuru watu elfu kumi na majirani mia mbili atadhani unamtania.

Je, amekosa? Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 21, kinalo jibu ambalo ni vigumu kuliboresha. Sheria ile inasema kwamba ng'ombe akimpiga mtu pembe akamuua, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe yule alikuwa na mazoea ya kupiga pembe, na mwenyewe akaonywa lakini hakumfunga, basi damu iko juu yake. Marabi waliokusanya Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi, mnamo mwaka 200 hivi baada ya kuzaliwa Kristo, waliipanua tofauti hiyo, wakamtenga mnyama asiye na historia ya madhara na yule ambaye madhara yake yameshuhudiwa mara tatu, na wakakiweka kiwango cha fidia kulingana na tofauti hiyo. Kiini cha hoja ni kwamba hatia ya mwenye mali haitoki kwenye umiliki peke yake wala kwenye nia mbaya peke yake. Inatoka kwenye onyo lililomfikia na uwezo aliokuwa nao wa kuchukua hatua. Kampuni ya seva inapomtumia mpangaji ujumbe kwamba programu yake imepitwa na wakati na ina tundu, ikarudia mwezi unaofuata, naye akaupuuza kwa kuwa tovuti bado inafunguka vizuri, mpangaji huyo amekwisha kutoka kundi la kwanza na kuingia la pili. Masharti ya matumizi yanayomwajibisha mpangaji kusasisha programu zake na kutunza nywila zake mara nyingi hudhaniwa kuwa ni mbinu ya kampuni kujikinga, na pengine ndivyo yalivyokusudiwa, lakini kwa maudhui yake ni kanuni ya ujirani ambayo hata asiye na dini angeikubali.

Swali la mpangaji, basi, si gumu sana. Gumu ni la mwenye nyumba.

Katika fikihi ya Kiislamu suala hili limejadiliwa kuhusiana na ijara, yaani mkataba wa kukodisha manufaa ya kitu kwa malipo, na mfano uliojadiliwa ni wa nyumba kweli kweli. Abu Hanifa, imamu wa Kufa aliyefariki mwaka 767, ananukuliwa katika vitabu vya madhehebu yake, kikiwemo al-Hidaya cha al-Marghinani, kwamba aliona si vibaya Mwislamu kupangisha nyumba katika vijiji vya Iraki ambako wakazi wengi hawakuwa Waislamu, hata kama mpangaji ataigeuza kuwa hekalu la moto au mahali pa kuuzia mvinyo. Hoja yake ilikuwa kwamba mkataba umefungwa juu ya manufaa ya nyumba, kwamba kodi huwa wajibu pindi nyumba inapokabidhiwa, na kwamba maasi yanaingia baadaye kwa tendo la mpangaji, ambaye ni mtu mwenye hiari yake; hiari hiyo hukata uzi unaolifunga tendo na mwenye nyumba. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walimpinga wakasema kwamba huko ni kusaidiana katika maasi, jambo ambalo Kurani imelikataza katika aya ya pili ya Sura ya Maida. Ni jambo la kupendeza kwamba mwalimu na wanafunzi wake walihitilafiana papo hapo walipohitilafiana wafanyabiashara wa seva na wakosoaji wao zaidi ya miaka elfu moja baadaye, na kwamba madhehebu yalizihifadhi kauli zote mbili bila kuificha hata moja.

Wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, walielekea upande wa wale wanafunzi wawili, lakini kwa kipimo. Al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake cha Minhaj ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani wamekisoma, ameorodhesha uuzaji wa tende mbichi na zabibu kwa mkamuaji wa mvinyo miongoni mwa mauzo yaliyokatazwa ambayo hata hivyo hayabatiliki, na washereheshaji wake wakafafanua kwamba muuzaji akijua au akidhani kwa nguvu kwamba zabibu zake zitakamuliwa mvinyo, kumuuzia ni haramu, na akiwa na shaka tu, ni makuruhi, yaani jambo lisilopendeza ila halina adhabu. Uamuzi huu una pande mbili ambazo zafaa kutenganishwa. Kwanza, uzito wa kosa unapanda na kushuka kulingana na kiasi cha ujuzi. Pili, mauziano yenyewe hayavunjiki: mnunuzi anabaki na haki yake juu ya zabibu alizolipia. Mtu aweza kuwa na hatia mbele ya Mungu kwa kuingia mkataba fulani, na papo hapo akabanwa na mkataba huo mbele ya mwenzake. Kampuni iliyoona haya mbele ya umma kwa ajili ya mpangaji wake haijapata, kwa haya hiyo pekee, ruhusa ya kumdhulumu.

Kwa upande wa Kanisa Katoliki mjadala ulipata sura yake kutokana na ngazi. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa 11 alizilaani kauli kadhaa za wanamaadili waliolegea mno, na mojawapo ilimhusu mtumishi ambaye, kwa hofu ya kupoteza kazi, anamshikia bwana wake ngazi au kumpa mabega ili apande dirishani kwenda kumnajisi binti wa watu, huku mtumishi akijua wazi shabaha ya safari ile. Kauli iliyolaaniwa ilidai kwamba mtumishi huyo hatendi dhambi ya mauti. Alfonso wa Liguori, aliyefariki mwaka 1787, alipoichambua mifano ya aina hiyo aliweka tofauti ambayo imebaki kuwa zana ya wanateolojia hadi leo: kuna ushirika wa nia, ambamo msaidizi anakubaliana moyoni na uovu wa mtendaji, na huo hauna udhuru kamwe, na kuna ushirika wa tendo tupu, ambamo msaidizi anatenda jambo ambalo kwa lenyewe si ovu, ila linatumiwa na mwingine kwa uovu, na huo waweza kuruhusiwa kukiwa na sababu nzito inayolingana na ukaribu wake na madhara. Waliomfuata wakazidi kupima ukaribu. Aliyechonga ngazi yuko mbali, aliyeiuza yuko karibu kidogo, aliyeishika usiku ule yuko karibu kabisa.

Kipimo hicho cha ukaribu ndicho kinachokosekana katika mabishano mengi kuhusu intaneti, ambamo kila aliye kati ya mwandishi na msomaji huitwa kwa jina moja la mtoa huduma. Kampuni iliyotandaza nyaya chini ya Bahari ya Hindi iko mbali na ukurasa wa utapeli kama mchonga ngazi. Kampuni inayosajili majina ya vikoa, yaani anwani za maneno zinazoishia kwa .tz, .ke au .com, imekaribia kidogo. Mwenye seva anashika ngazi. Ukurasa unaoiga ule wa benki, wenye nembo ile ile na visanduku vya namba ya akaunti na namba ya siri, unaishi kwenye diski yake, unatolewa na mashine yake kila mwathirika anapoufungua, na maisha yake yote huenda ni saa chache tu, kwa hiyo kila saa ya kungoja baada ya taarifa kufika ni sehemu ya maisha ya ukurasa huo na ni mchango wake.

Wapo watakaojibu kwamba tapeli akifukuzwa hapa atapata seva kwingine kabla ya magharibi, hivyo kumfukuza hakuokoi mtu. Hoja hii haipaswi kudharauliwa, maana Talmudi yenyewe, katika mjadala wa katazo la kumwekea kipofu kikwazo, inauliza kuhusu mtu anayempa kikombe cha divai mnadhiri aliyejiapiza kutoinywa, na inajibu kwamba katazo lile linahusu hali ambapo wawili hao wako kila mmoja ng'ambo yake ya mto, yaani pale ambapo bila msaada huo mnadhiri asingeifikia divai. Kama angeweza kuichukua mwenyewe, katazo hilo kwa uzito wake halipo. Marabi wa baadaye hawakuliachia jambo hapo. Wengi waliona kwamba hata pale ambapo mtu angepata kwingine, bado upo wajibu mdogo zaidi wa kutomwezesha mwenzake kukosa. Lakini hata ukiichukua hoja katika umbo lake la kwanza, haiwafai wenye seva kama wanavyodhani. Mnadhiri anajidhuru nafsi yake. Katika utapeli aliye ng'ambo ya mto ni mtu wa tatu, mstaafu anayefungua ukurasa ule saa nne asubuhi, na kwake yeye haijalishi kwamba saa kumi tapeli angekuwa amepata seva nyingine. Saa nne ilikuwa hii.

Kila kitu, basi, kinazunguka ujuzi, na hapa ndipo sheria za dunia zimeyumba sana. Mwaka 1991 mahakama moja ya New York iliiona kampuni ya CompuServe kuwa haina lawama kwa kashfa iliyosambazwa kupitia huduma yake, kwa kuwa haikuwa ikikagua yaliyowekwa. Mwaka 1995 mahakama nyingine ya jimbo hilo ikaiona kampuni ya Prodigy kuwa yaweza kuwajibishwa kama mchapishaji, kwa sababu ilijitangaza kuwa inakagua na kufuta yasiyofaa. Somo lililotoka humo lilikuwa la ajabu: anayefagia uwanja wake anashtakiwa kwa takataka iliyobaki, na asiyefagia kabisa yuko salama. Bunge la Marekani likalirekebisha mwaka 1996 kwa kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano, kinachosema kwamba mtoa huduma hatahesabiwa kuwa mchapishaji wa maneno ya mwingine, na mahakama zikakifasiri kwa upana mkubwa hadi kinga ikabaki hata pale ambapo mtoa huduma amekwisha kuarifiwa. Ulaya, kwa agizo la mwaka 2000 kuhusu biashara ya mtandaoni, ilichagua njia nyingine: mwenye seva hana lawama mpaka ajue, na akijua aondoe haraka, ila hakuna nchi itakayomlazimisha kuchunguza kila kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 nayo haimtwishi mtoa huduma wajibu wa jumla wa kufuatilia data anazozihifadhi. Ukipima kwa mizani ya ng'ombe ambaye mwenyewe ameonywa, njia ya Marekani imelegea mno, kwani inamwacha huru hata aliyeonywa. Njia nyingine mbili ziko karibu zaidi na busara ya kale.

Lakini kwa nini asichunguze? Ikiwa ujuzi ndio unaozaa wajibu, si ingekuwa uchaji zaidi kuutafuta? Sura ya Hujurati katika Kurani ina aya mbili ambazo, zikisomwa pamoja, zinalijibu swali hili kwa ukamilifu usiopatikana katika sheria nyingi. Aya ya 12 inawakataza waumini kupelelezana na kuwadhania wenzao vibaya. Aya ya 6 inawaamuru, wanapojiwa na mtu mpotovu na habari, waihakikishe kwanza wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Mwenye nyumba haingii vyumbani mwa wapangaji kupekua masanduku. Na akiletewa habari kwamba katika chumba fulani kuna kitu cha wizi, hawezi kujifanya hakusikia, wala hawezi kumtupa mpangaji nje kabla ya kuhakikisha. Wajibu wake unaanza mlangoni, habari inapobisha hodi.

Sharti la kuhakikisha ndilo linalovunjwa zaidi, na huvunjwa kwa sababu ya fedha. Mteja wa seva ya bei nafuu hulipa kiasi ambacho hakitoshi kununua hata saa moja ya kazi ya mtu anayeweza kusoma malalamiko kwa makini, kwa hiyo kampuni iliyopokea malalamiko ina motisha ya kuzima tovuti kwanza na kuuliza baadaye, au kutouliza kabisa. Wenye hila wamekwisha kulijua hilo. Malalamiko ya uongo ya hakimiliki, yanayodai kwamba makala fulani imeibwa kutoka mahali ambapo haijawahi kuwepo, yametumika katika nchi nyingi kuwanyamazisha waandishi wanaofichua rushwa, nayo hufaulu kwa kuwa mwenye seva huogopa sheria kuliko anavyoogopa dhuluma. Kuzima tovuti ni tendo, na tendo hilo lina waathirika wake. Mtu anayelitenda kwa kuogopa hasara hana udhuru bora kuliko yule mtumishi wa ngazi.

Hata pale ambapo uovu uko wazi, namna ya kuukomesha ina maadili yake. Agosti 2017 Matthew Prince, mkuu wa kampuni ya Cloudflare, ambayo kazi yake kuu ni kusimama mbele ya tovuti na kuzikinga na mashambulizi, aliikatia huduma tovuti moja ya Wanazi mamboleo wa Marekani, kisha akawaandikia wafanyakazi wake akikiri kwamba aliamka na hasira akaamua, na kwamba hapaswi mtu yeyote kuwa na uwezo kama huo. Ni nadra mwenye madaraka kuueleza ubovu wa madaraka yake kwa uwazi namna hiyo, na ni nadra zaidi kueleza akiwa amekwisha kuyatumia. Wachache wataililia tovuti ile. Tatizo ni kwamba hukumu sahihi iliyotolewa kwa sababu isiyo sahihi haimfundishi mpangaji anayefuata lolote kuhusu mpaka uko wapi. Wanazuoni wa Kiislamu walikubaliana tangu zamani kwamba kadhi asihukumu akiwa na ghadhabu, na kwamba asimhukumie mmoja kabla ya kumsikia wa pili. Mwenye seva si kadhi, ni kweli, ila masharti yake humpa mamlaka ambayo kadhi hana, kwa kuwa mengi huishia na kifungu kinachoruhusu kusitisha huduma wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2022 kuhusu huduma za kidijitali imeanza kulipunguza hilo kwa kumlazimisha mwenye seva kumpa aliyezuiwa maelezo ya sababu. Kanuni ambayo haimfungi aliyeiandika haistahili kuitwa kanuni ya matumizi ya uwajibikaji. Ni tangazo la nguvu lililovishwa joho la maadili.

Udhaifu huo huo upo kwenye ahadi. Makampuni mengi hutangaza nafasi isiyo na kikomo, na ndani ya masharti yale yale yasiyosomwa huandika kwamba matumizi yawe ya kiasi, bila kutaja kiasi chenyewe. Katika fikihi hali hii inaitwa gharari, yaani mkataba ambamo upande mmoja haujui unachonunua, nayo imekatazwa hata pale ambapo pande zote zimeridhia, kwa sababu ridhaa juu ya kisichojulikana ni ridhaa ya jina tu. Mpangaji anayelaumiwa kwa israfu ana haki ya kuuliza kama aliwahi kuonyeshwa kibaba.

Linabaki jambo la amana. Seva haihifadhi kurasa za hadharani pekee. Inahifadhi baruapepe, orodha za waumini, majina ya waliochangia na waliochangiwa, na vitambulisho vya watu walioandika wakidhani hawatajulikana. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mijadala mtandaoni la JamiiForums, alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa mashtaka yaliyojumuisha kutowapa polisi taarifa za watumiaji wa jukwaa hilo, na mashauri hayo yakaendelea kwa miaka. Lolote litakalosemwa kuhusu sheria, kesi ile iliweka mbele ya umma swali ambalo vitabu vya fikihi hulijadili katika mlango wa wadia, yaani mali iliyowekwa kwa mtu aitunze: mtunzaji akijiwa na mwenye nguvu anayeidai, afiche, akatae, au atoe? Wanazuoni wengi waliona kwamba akijiwa na dhalimu hana budi kuikinga amana kwa kadiri ya uwezo wake, hata kwa kukana kwamba anayo. Dola inayodai kwa hati ya mahakama huru, ikitaja kosa lililo bayana, si dhalimu kwa maana hiyo. Inayodai kila kitu kuhusu kila mtu kwa kuwa imeudhika inakaribia. Mwenye seva mwaminifu atapunguza mzigo huo mapema kwa kutokusanya asichohitaji, maana asichonacho hawezi kulazimishwa kukitoa.

Amana hiyo haiishi mkataba unapoisha. Masharti mengi yanasema kwamba ankara isipolipwa baada ya siku kadhaa, faili zote hufutwa, na kifungu hicho kinaeleweka, kwani diski si za bure. Lakini wapo wapangaji wasiolipa kwa sababu wamekufa. Kitu kilichobaki mikononi mwa mtu bila mwenyewe kukiweka upya huwa amana ya kisheria, na anayekishika ana wajibu wa kumwarifu anayestahiki, ambaye hapa ni mrithi. Mrithi anapokuja na cheti cha kifo lakini bila nywila, kampuni humjibu kwamba inazungumza na mwenye akaunti tu, kupitia baruapepe iliyosajiliwa, ambayo ni ya marehemu. Jibu hilo si la haki, wala kumfungulia mrithi kila kitu si haki. Tovuti, pamoja na maandishi na picha ambazo marehemu aliziweka hadharani, ni mali na hurithiwa kama mali nyingine. Sanduku la baruapepe lina siri za marehemu na za watu waliomwandikia wakiwa bado hai, ambao hawakumpa mrithi idhini yoyote. Kampuni inayotaka masharti yake yawe zaidi ya karatasi ingempa mrithi muda na nakala ya tovuti, na sanduku la baruapepe ingelifunga hadi mahakama iseme, au ingefuata jibu la mpangaji mwenyewe, aliyeulizwa siku ile alipobofya kisanduku anataka lifanywe nini.